Upande wa Amino

Fisi aliingia mahali palepale.

Gelle hakuhitaji kuambiwa. Alipoinuka kwenye sala ya alfajiri aliwaona mbuzi wake wamesongamana karibu na mlango wa zizi, hakuna anayelia, wote wametazama pembeni kama watu waliokuwa wakimsengenya mtu kisha mtu mwenyewe akatokea. Akavaa ndara, akauzunguka ua wa miiba kwa nje mpaka upande wa machweo. Pale chini, mahali alipokuwa ameongeza matawi ya mgunga kila alipopata nguvu ya kushika shoka, palikuwa na tundu. Manyoya yamenasa kwenye miiba. Mburuzo umekwenda kichakani, na juu ya mburuzo nzi wameshafika, maana nzi hawangoji barabara itengenezwe.

Aliyekwenda ni yule mbuzi mwekundu mwenye sikio lililokatika. Alikuwa na mimba.

"Mifugo ya serikali imekula tena," Gelle alisema kwa sauti, ingawa hapakuwa na wa kumsikia.

Hivyo ndivyo alivyowaita fisi. Mbuzi wa Gelle akikanyaga hifadhi, mwenyewe hutafutwa kwa pikipiki. Fisi wa wakubwa akikanyaga zizi la Gelle, huambiwa pole mzee, hiyo ni kudura. Kudura gani inayojua upande mmoja tu wa kutembea?

Simu ililia chai haijachemka. Habari za kijiji chake cha Sangailu hufika Garissa kabla ya lori. Alikuwa Ruweyda, bintiye, aliyeolewa na Abdiwali mtaa wa Galbet.

"Aabo, ameingia tena?"

"Nani kakuambia?"

"Sema ndiyo au hapana."

"Ameingia. Kwani ni wangu? Wapigie wenye fisi."

"Aabo, tulikubaliana. Ulisema mbele ya Abdiwali, ukaapa. Akiingia tena kabla ya mvua, unauza mbuzi wote unakuja kukaa na sisi. Chumba kipo tayari. Tumepaka rangi."

"Rangi gani?"

"Aabo!"

"Nauliza tu. Kama ni ya kijani kama ya ofisi ya chifu, silali humo."

Lakini alikuwa ameapa, na Gelle, pamoja na ulimi wake wote, hakuwa mtu wa kuvunja kiapo. Alijua Galbet kunamngoja nini. Kiti cha plastiki mlangoni, kuulizwa kama ameshakunywa dawa, kungoja chakula cha mchana kama mtoto wa madrasa. Mzee asiye na mnyama ni mgeni asiyeondoka. Akatazama mbuzi wake, wakamtazama.

"Nipe mpaka nije huko tuongee," alisema. "Nitakuja na lori la mumeo."

*

Kwa watu wa Gelle kazi zimegawanywa tangu zamani, wala hakuna aliyewahi kuitisha mkutano juu yake. Ua wa miiba ni wa mwanamume. Yeye ndiye anayekata migunga, yeye ndiye mwenye hangol, ile fimbo yenye panda ncha moja na ndoana ncha ya pili, panda ya kusukumia matawi na ndoana ya kuyavutia. Nyumba ni ya mwanamke. Aqal ile ya fito zilizopindwa na mikeka, mwanamke huileta, huisimamisha, huifunga kamba, na siku ya kuhama huibomoa na kuipakia. Mwanamume hana kwake pa kulala. Hulala kwa mkewe.

Kwa hiyo mkewe Amino alipofariki, Gelle alibaki na ua bila nyumba.

Ilikuwa homa. Gari la wagonjwa lilipigiwa simu. Kwanza halikuwa na mafuta. Likapata mafuta, likakosa dereva. Likapata dereva, likakwama, kwa sababu barabara iliyofunguliwa kwa utepe na hotuba ilikuwa imerudi kuwa mto. Lilipofika, watu walikuwa wanarudi kutoka makaburini, na dereva aliteremka akauliza mgonjwa yuko wapi.

Tangu siku hiyo Gelle hakumsamehe mwenye cheo yeyote, mkubwa wala mdogo. Hirsi, jirani yake, alikuwa mdogo kabisa: mjumbe tu wa kamati ya afya, mtu wa kutia dole gumba kwenye karatasi za gari lile bila kusomewa. Nyumba za wake za Hirsi na ile ya dada yake zilikuwa zimezunguka zizi hilihili, migongo kwenye miiba, milango ndani. Gelle alimwambia Hirsi mbele ya watu kwamba dole gumba lake limemuua Amino. Hirsi hakujibu. Mvua zilipokatika, wanawake wa Hirsi walifungua mikeka, wakapakia punda, wakaenda kusimamisha nyumba zao ng'ambo ya bonde kavu la jirani. Ruweyda naye akaja akabomoa nyumba ya mama yake, akaipakia kwenye lori la mumewe, kama ilivyo haki ya binti.

Yakabaki mafiga matatu na duara la udongo ulioshindiliwa. Gelle akaziba kila pengo kwa miiba. Pale pa Amino aliziba kuliko kwingine kote, tabaka juu ya tabaka, mpaka ua ukafika kifuani. Yeye mwenyewe akatundika turubai upande wa pili kabisa, karibu na mlango wa zizi, akalala huko, ameyapa machweo mgongo. Mbuzi peke yao hawakubadili mazoea. Kila jioni walikwenda kujiegemeza palepale penye joto la zamani, na fisi akaja akachagua.

*

Lori lilipokuja, Gelle aliwapeleka mbuzi wake kwa Hirsi. Hakuwa na pengine pa kuwapeleka. Hakusalimia kwa kirefu, akasema tu, "Nakwenda Garissa." Hirsi akasema, "Waache." Basi.

Chumba cha Galbet kilikuwa na rangi ya maziwa, dirisha, na kitanda cha mbao. Ukutani, imesimamishwa wima na kufungwa kitambaa, palikuwa na mikeka ya Amino. Gelle aliiona, akatoka nje, akakaa kwenye kile kiti cha plastiki alichokuwa amekiogopa, akakuta kinamtosha vizuri kabisa. Hilo lilimtisha zaidi.

Abdiwali alimwonea huruma. Alikuwa kijana wa maneno machache na usukani mwingi, akipeleka mbuzi Mombasa na kurudi na saruji.

"Adeer, mzee wangu, kesho nashusha Mombasa. Twende uone bahari, kisha tukirudi ndiyo uamue."

"Bahari ina majani?"

"Haina."

"Haya, twende tukaone kitu kisicho na faida."

Wakapita Hola, Garsen, Malindi, Gelle akilaani mashimo kila moja kwa jina la mheshimiwa tofauti, na hakuishiwa majina. Mombasa, mbuzi waliposhushwa, Abdiwali akawa na saruji ya kungoja. Akampeleka mkwewe kwenye ile ngome kubwa ya Mji wa Kale, akamkabidhi kwa mtembeza wageni mmoja aitwaye Kombo, mtu mwembamba mwenye kofia ya kufuma na sauti ya muadhini.

"Huyu ni mkwe wangu, mfugaji. Usimchoshe kwa majina ya wafalme."

"Mfugaji?" Kombo akafurahi. "Karibu, mzee. Leo nitatembeza mtu aliyewahi kulinda kitu."

Gelle aliutazama ukuta. Ulikuwa wa mawe ya matumbawe, mnene kuliko urefu wa ngamia, umekaa juu ya mwamba kama ulimea pale. Akaugusa. Akazungusha macho akitafuta kitu.

"Mlango hauko mbele," alisema.

"Hauko. Umewekwa huku ubavuni, chini ya kwapa la huu mkono." Kombo akanyoosha kidole juu, mahali ukuta ulipojitokeza nje kama bega la mtu. "Wareno walioijenga, zaidi ya miaka mia nne iliyopita, waliichora kama mtu aliyelala chali. Kichwa baharini, mikono miwili, miguu miwili. Ukitaka kuingia, mwenyewe anakutazama kutoka begani."

"Na mbuzi walilala wapi?"

Kombo alicheka mpaka akashika kofia. "Mzee, nimetembeza Wajerumani, nimetembeza mabalozi. Hakuna aliyeniuliza hilo."

"Hawana mbuzi, watauliza nini? Boma ambalo hujui mnyama analala wapi hujalijua."

"Haya, njoo nikuonyeshe kitu cha mfugaji." Akamteremsha mpaka chini ya ukuta wa nje, upande wa nchi kavu, katikati ya mkono na mguu. "Wewe sasa ni mwizi. Jibanze. Tafuta mahali usipoonekana."

Gelle akaegemea ukuta. Akatazama juu. Kutoka ubavu wa bega la kushoto palikuwa na tundu la mzinga linalomwangalia moja kwa moja. Akasogea. Ubavu wa bega la kulia ukamwona. Akaingia kwenye pembe, pale ambapo katika ua wowote duniani ndipo mwizi hujificha, na pembe ile ilikuwa wazi kwa macho ya pande zote mbili.

"Hakuna," alisema.

"Hakuna. Hiyo ndiyo akili yake yote. Watu wakija wanasifu unene. Unene si kitu, mzee. Ukuta haujioni wenyewe. Aliye juu yake hamwoni aliye chini ya miguu yake. Kwa hiyo kila upande umepewa upande mwingine wa kuutazama. Huu unaulinda ule, ule unaulinda huu."

Gelle alitazama bega moja, kisha lile jingine. Kombo akaendelea.

"Lakini ilitekwa. Waarabu wa Omani waliizingira karibu miaka mitatu."

"Walibomoa wapi?"

"Hawakubomoa. Ukuta huu unaouona haukuvunjika. Watu ndio waliisha. Njaa, maradhi. Mikono ipo, miguu ipo, mizinga ipo, lakini hapana wa kusimama begani. Waliobaki wakawa wachache hawatoshi hata kuitikiana. Basi Waarabu wakapanda."

"Na wakubwa wao? Hawakuleta msaada?"

"Ulikuja kidogo. Ule wa mwisho, meli zilifika ngome imeshachukuliwa."

"Wakauliza wagonjwa wako wapi," Gelle alisema.

Kombo hakuelewa, lakini aliona uso wa mzee, akaivua kofia yake akaikunja mkononi.

Abdiwali alipokuja na lori la saruji alimkuta mkwewe amechuchumaa nje ya lango, amechora duara mavumbini kwa kijiti. Kwenye duara ametia mlango. Karibu na mlango ametia kijiwe kimoja.

"Hiki ni nini, Adeer?"

"Hiki ni mimi." Akanyoosha kijiti upande wa pili wa duara. "Na hapa ndipo fisi anapoingia. Mimi niko wapi na yeye yuko wapi! Na huku katikati nimepanga miiba mpaka kifuani, sioni hata kichwa chake. Sikumzuia, Abdiwali. Nimemjengea pazia."

"Punguza miiba basi."

"Si miiba." Akaweka kijiwe cha pili, pale pa machweo, mgongo kwenye mstari. Akakitazama muda mrefu. "Hapa palikuwa na mtu. Akikohoa, fisi anasikia. Akichochea moto, fisi anaona. Hata akinitukana mimi, fisi anafikiri katukanwa yeye. Nilidhani ua wangu ndio uliokuwa unamlinda Amino."

*

Ruweyda hakutaka kusikia habari za Wareno.

"Aabo, nimekuambia uza mbuzi, unaniambia ngome. Ngome ina mtu wa kukupikia?"

"Ndilo ninalosema."

"Ndilo lipi?"

"Kuna nyumba inahitajika."

"Nyumba ipo! Umelala ndani yake jana!"

"Si ya aina hiyo." Alisita, kisha akasema kwa mkato, kama anayebandua plasta. "Nyumba ya Ramlo."

Ramlo alikuwa dada yake Hirsi, mjane wa miaka mingi, mwanamke ambaye watoto walipita mbali na mlango wake wakiwa wamefanya kosa. Ruweyda aliacha kukunja nguo. Akaketi ukingoni mwa kitanda, karibu na mikeka ya mama yake, akaishika kama anayehesabu nyuzi.

"Mikeka ya mama simpi mtu," alisema mwishowe.

"Hakuna aliyeiomba."

"Na kiapo?"

"Kiapo nimekula, sikitemi. Ramlo akikataa, nauza Alhamisi sokoni na narudi kwenye hiki kiti chako. Akikubali, nipe mpaka mvua inyeshe. Fisi akiingia hata mara moja, uje na lori unibebe kama saruji."

"Ramlo atakukataa," Ruweyda alisema, na sauti yake haikuwa na hakika kama anatisha au anaomba.

*

Kwa Hirsi, Gelle aliona jambo ambalo alikuwa ameliona tangu zamani bila kulitazama. Ua wa Hirsi ulikuwa aibu. Mwembamba, mfupi, miiba ya msimu uliopita, sungura angepita bila kuinama. Na nyumba zimeuzunguka, kila moja mgongo kwenye miiba, kila mlango unatazama nyumba ya ng'ambo na miiba iliyo nyuma yake. Mbuzi wote alioacha Gelle walikuwepo. Hakuna aliyepungua.

Akamsalimia Hirsi, safari hii kwa kirefu: watoto, mifugo, malisho, maji, afya. Hirsi aliitikia kila kimoja kwa uangalifu, kama mtu anayevuka mto asiojua kina chake. Chai ikaletwa. Na aliyeileta ni Ramlo.

"Ramlo," Gelle alisema, "nilikuwa Mombasa."

"Tumesikia. Umeona bahari?"

"Nimeona ngome."

Akaeleza. Alieleza mikono, miguu, mabega, mlango wa kwapani, pembe isiyo na kivuli. Alitumia kijiko, birika na vikombe. Alieleza jinsi unene usivyokuwa kitu, na jinsi upande mmoja unavyopewa mwingine. Hirsi alikuwa amesahau kunywa. Kisha Gelle akafika kwenye zizi lake, akaeleza upande wa machweo, na jinsi panavyohitaji nyumba yenye mgongo kwenye miiba na mlango ndani, na moto, na mtu asiyelala usingizi mzito.

Ramlo alikunja mikono kifuani.

"Gelle," Ramlo alisema, "unatafuta mke au unatafuta mnara?"

Hirsi alipaliwa na chai.

"Mimi..." Gelle alisema.

"Maana naona umepima kila kitu. Umepima mgongo wangu, umepima mlango wangu, umejua hata ninavyolala. Kama mzinga, utaniweka upande gani?"

"Ramlo, mimi si mtu wa maneno mazuri."

"Hilo halihitaji safari ya Mombasa."

"Nataka kusema hivi." Akaweka kijiko chini. "Nililala nimeupa ule upande mgongo kwa sababu siwezi kuutazama. Nikasema fisi ni wa serikali. Ni wa serikali, silirudishi hilo! Lakini hakuna mkubwa aliyeniambia nilale kule. Nilijipeleka mwenyewe."

Ramlo alichukua birika, akamwongezea chai bila kuulizwa.

"Kuna mambo," alisema. "Kwanza, sheikh na mahari, mbele ya watu, si habari ya kuazimana mnara. Pili, mlango wangu nauelekeza ninapotaka mimi. Tatu, sipiki juu ya mafiga ya Amino. Nitakuja na yangu."

"Yale nitayatupa..."

"Ukiyatupa siji. Yaweke karibu na mlango, mgeni apate pa kukaa. Alikuwa rafiki yangu kabla hajawa mke wako, waryaa, we bwana." Akamwonyesha kaka yake kwa kidevu. "Na la mwisho. Ulichomwambia huyu mbele ya watu, kiondoe mbele ya watu."

Gelle alimtazama Hirsi. Hirsi alitazama chai.

Ijumaa, watu walipokuwa wanatoka msikitini wakitafuta ndara zao, Gelle alisimama mlangoni akasema kwamba dole gumba la Hirsi halikumuua mtu. Kisha, kwa kuwa watu walikuwa wameshasimama na nafasi kama ile haipatikani kila siku, akawataja waliomuua, mmoja mmoja kwa cheo chake, kuanzia aliyefungua barabara kwa utepe. Safari hii hakusema peke yake. Hirsi aliongeza lile la mafuta. Mwingine akaongeza la dereva. Wakakubaliana kwenda pamoja kwenye baraza la chifu, na karatasi safari hii isomwe kwa sauti kabla dole halijatiwa.

*

Siku ya nyumba, Gelle alifukuzwa.

Alikuwa amekwisha fanya kazi yake. Kwa hangol alikuwa amevuta, tabaka baada ya tabaka, ile miiba yote aliyoisukuma pale kwa hasira, mpaka udongo ulioshindiliwa ukaonekana tena, duara lake halijafutika. Mafiga matatu aliyabeba moja moja akayapanga mlangoni mwa zizi. Wanawake wakafika na punda wawili, fito zimepindwa juu ya mgongo kama mbavu, mikeka imeviringishwa, Ramlo mbele akitoa amri.

Gelle akashika ufito mmoja kusaidia.

"Wacha!" walipiga kelele kwa pamoja.

"Nashika tu."

"Nenda kakate mgunga huko! Tangu lini mwanamume akajenga nyumba?"

"Wareno walijenga," alisema, akaondoka huku wakimcheka.

Lori la Abdiwali lilikuja bila kuitwa. Ruweyda aliteremka, amevaa shela yake nzuri, akasimama nje ya ua. Mikononi hakuwa na kitu. Alitazama fito zikichomekwa mahali palepale pa fito za mama yake, na hakuna aliyemwambia njoo wala nenda. Ramlo alikuwa juu ya ngazi ya magunia akihangaika na fundo la utosini mwa nyumba.

"Kamba hii inateleza," Ramlo alisema, hakumtazama mtu. "Mama yako alikuwa na fundo lake, sijawahi kulijua."

Ruweyda alisimama hivyohivyo. Kisha akavua viatu, akaingia, akapanda, akafunga lile fundo. Alipoteremka aliufuta uso kwa shela, akamwambia baba yake kwa ukali kwamba chumba cha Galbet hakitapangishwa kwa mtu, kitakaa hivyo, wageni ni wengi.

"Kikae," Gelle alisema. "Nitakuja kukitembelea. Kile kiti kimenipenda."

Ramlo aliuelekeza mlango wake si katikati ya zizi, kama alivyotaka Gelle, bali kidogo kaskazini. Gelle alitaka kubisha. Akaenda kusimama pale mlangoni kwake, akatazama: kutoka pale mtu anaona ubavu wote wa ua mpaka turubai lake la zamani, na pembe ile ya kaskazini ambayo yeye hakuwa ameifikiria kabisa. Akarudi kukata mgunga.

*

Mvua ilichelewa, kama kila kitu kinachotoka juu. Siku zikaenda. Kila alfajiri baada ya sala Gelle aliuzunguka ua kwa nje, moyo ukitangulia miguu.

Asubuhi moja alizikuta nyayo.

Alisimama. Zilikuwa nyayo kubwa, za yuleyule, mguu wa mbele wa kulia wenye kidole kilichopinda. Zimekuja kutoka kichakani moja kwa moja, hazina wasiwasi, nyayo za mtu anayekwenda kwake. Zimefika karibu kabisa na mgongo wa nyumba ya Ramlo. Pale zimesimama, mchanga umedidimia, fisi alikaa hapo akifikiri. Zikasogea kushoto kidogo. Zikasogea kulia. Kisha zimegeuka, na hatua za kuondoka zilikuwa ndefu kuliko za kuja.

Gelle akachuchumaa juu yake. Alitaka kumwita mtu aje aone, akakumbuka kwamba yupo mtu wa kuita.

"Ramlo! Alikuja!"

"Najua," sauti ikatoka ndani ya mikeka, nzito kwa usingizi, karibu kabisa na sikio lake. "Nilimwambia aende kwa chifu."

Gelle alianza kucheka, akashindwa kuacha. Mbuzi wakageuza vichwa kumtazama. Ng'ambo ya lile bonde kavu, mtu alikuwa akitembea kuja, Hirsi, na fimbo begani. Alipofika hakuuliza kwa nini mwenzake anacheka chini kwenye mchanga. Alizitazama nyayo, akazifuata kwa macho mpaka zilipogeukia. Akautazama ua, upande wa kusini, palipokuwa na nyumba zake.

"Huku nako," Hirsi alisema, "bega moja halitoshi."

"Halitoshi."

"Wanawake wanasema labda watarudi baada ya mvua." Akakohoa. "Miiba ya huku ni mingi mno. Utaiondoa wewe?"

Gelle alikuwa ameshainuka, anaitafuta hangol.

"Nishikie huo upande," alisema, akatia ndoana kwenye tawi, wakavuta.